Ziwa Tanganyika na Usahaulifu Wetu

Maji ya ziwa yalipoingia katika nyumba za Kalemie mwaka 2021, na tena mwaka 2024, watu walitafuta mkosaji. Wengine walisema: ni adhabu ya Mungu. Wengine walinong'ona habari za uchawi. Wengine walisema tu: ziwa limetuvamia. Maneno hayo yanatuhusu sisi mapadri na makatekista, kwa maana wenye kuyasema ndio wanaokuja kwetu siku ya Dominika wakingoja jibu. Kabla ya kujibu, yafaa tuulize historia.

Ziwa letu lina mto mmoja tu unaotoa maji yake, ndio Lukuga, na mlango wake ni hapa Kalemie penyewe. Lakini tusidhani kwamba Lukuga inabeba maji mengi. Karibu sehemu tisa kati ya kumi za maji yanayotoka ziwani zinapanda hewani kwa nguvu ya jua na upepo. Kwa hiyo miaka ya mvua nyingi ikifuatana, ziwa linapanda, na mto huo mmoja hauwezi kulipunguza upesi.

Mwingereza Cameron alifika mlangoni mwa Lukuga mwaka 1874, akakuta njia imezibwa na majani. Stanley alifuata mwaka 1876, akaona matope na mafunjo, wala maji hayakutoka. Wakati huohuo ziwa lilikuwa linapanda: kule Ujiji Stanley aliona michikichi, ambayo mwaka 1871 ilikuwa sokoni pakavu, sasa imesimama majini. Mnamo mwaka 1878 kizuizi kikavunjika. Hore, mmisionari wa Kiprotestanti kutoka Uingereza, alipofika Lukuga mwaka 1879 alikuta mto unakwenda kwa kasi. Tangu hapo ziwa likashuka kiasi cha meta 10 kwa muda wa miaka kumi na tano hivi.

Sasa tutazame miaka. Storms alijenga Mpala mwaka 1883, na Mapadri Weupe wakaipokea mwaka 1885. Boma la kwanza la Albertville lilijengwa mnamo 1891. Reli ya kutoka Kabalo ilifika ziwani mwaka 1915. Wote hao walijenga wakati ziwa lilipokuwa linarudi nyuma au limekwisha kurudi, wakakuta pwani pana na kavu. Bandari ilihitaji pwani, reli ilihitaji bandari, na wafanyakazi walihitaji mahali pa kulala karibu na kazi. Hatuwalaumu. Lakini pwani ile ilikuwa kama shamba la kuazima, na mwenyewe alikuwa hajafa.

Mwenyewe alirudi. Mvua kubwa zilianza mwaka 1961, na mwaka 1964 ziwa likapanda kuliko mwaka wo wote wa karne ile. Mbona basi habari hiyo haisimuliwi sana katika mji wetu? Sisi twafikiri sababu ni vita. Mwezi wa Juni 1964 waasi waliuteka mji, na mwezi wa Agosti jeshi la serikali likaurudisha. Mtu aliyekimbia risasi hakumbuki maji yalifika wapi. Mwaka 1966 mji ukabadilishwa jina ukawa Kalemie, watu wapya wakaja, na pwani ilipokauka wakajenga tena.

Tena baadaye, maji yaliposhuka, malalamiko yalikuwa ya namna nyingine. Ng'ambo ya pili, huko Tanzania, waliogopa bandari zao kukauka, na serikali zetu mbili zikazungumza juu ya kuweka kizuizi katika Lukuga. Leo mtu wa Kalemie ambaye kitanda chake kimelowa angependa Lukuga ifunguliwe zaidi! Ziwa ni lile lile.

Kwa hiyo, mkristu akituambia kwamba bibi kizee fulani ameita maji, tumjibu bila kuogopa: maji haya yalipanda mwaka 1878 na 1964, kabla huyo bibi hajashukiwa na mtu. Na anayehubiri adhabu aeleze kwa nini adhabu hiyo inawapata wa pwani tu, na hasa maskini. Wengi wao walikimbia vita vya Wabantu na Watwa mwaka 2016 na 2017, wakajenga mahali palipopatikana kwa bei ndogo. Kuwaambia wahame bila kuwaonyesha kiwanja kingine ni maneno matupu.

Hata hivyo tusiseme kwamba matendo ya watu si kitu. Milima inayokatwa miti kwa ajili ya makala inateremsha udongo, na mifereji iliyojaa plastiki inarudisha maji ya mvua barabarani. Mambo hayo siyo yanayopandisha ziwa zima, lakini yanaongeza mafuriko ya vijito mjini, na hayo ni kazi ya mikono yetu.

Waliokuwa na umri wa miaka kumi mwaka 1964 wamekwisha kuvuka sabini. Bado wako katika parokia zetu, nao huja Misa ya asubuhi. Katekista mwenye daftari na kalamu aweza kwenda na mmoja wao mpaka pwani, aonyeshwe ni kwenye mti gani au ukuta gani maji yalikoma mwaka ule, apaandike, na kuweka alama ya chokaa kabla mzee hajaondoka.