Ufundi wa Kufa: Kyoto, Hollywood, Hong Kong

Stelingi wa filamu ya samurai akizungusha upanga mara moja, watu wanne wakaanguka, sifa humwendea yeye. Kazi wameifanya wale wanne. Upanga wenyewe mara nyingi ni wa mwanzi uliofunikwa karatasi ya fedha, haukati kitu, na ukali wake huonekana kwenye mwili wa anayekatwa tu. Wajapani walilitambua hilo mapema wakalifanya taaluma: yuko mwigizaji ambaye ajira yake ni kukatwa, naye huitwa kirareyaku.

Aliyevuma kuliko wote ni Seizo Fukumoto. Alizaliwa mwaka 1943, akaingia studio za Toei mjini Kyoto akiwa na miaka 15, akafariki Januari 2021. Inasemekana alikufa mbele ya kamera mara 50,000, ingawa sidhani kama kuna aliyekuwa akihesabu. Alama yake ilikuwa kujipinda kinyumenyume, mtindo uliopewa jina la kamba wa baharini, hadi uso wake uelekee kamera ukiwa juu chini kabla hajagusa ardhi. Hapo pana werevu mkubwa: stelingi hapungukiwi utukufu, na marehemu naye anaonekana.

Hollywood iligawa kazi hiyo mafungu mawili. Anayemsaidia stelingi kwa uso na sauti ana Oscar yake tangu filamu za mwaka 1936. Walter Brennan alishatwaa tatu kufikia zile za 1940. Anayeanguka, kinyume chake, hufichwa. Katika Stagecoach (1939), Yakima Canutt, akiwa amevaa kama Mwapache, anarukia farasi wanaovuta gari, anapigwa risasi, anadondoka katikati yao na gari linapita juu yake. Katika filamu hiyohiyo anaruka juu ya farasi kwa niaba ya John Wayne. Mwili mmoja ulimtumikia mshindi na mshindwa, na mtazamaji hakupaswa kujua. Tusiite dharau, masharti ya sanaa ile ni kwamba tuamini Wayne ndiye aliyeruka. Oscar ya heshima ilimfikia Canutt mwaka 1967, akiwa na miaka 71.

Hong Kong, kuanguka ni ngazi. Katika Fist of Fury (1972), adui anayepigwa teke na Bruce Lee akapasua ukuta ni Mjapani Riki Hashimoto. Mwili unaoruka, hata hivyo, ni wa Jackie Chan, kijana aliyelelewa katika shule ya opera ya Kichina na ambaye bado hakuwa na jina. Kwake ile ilikuwa njia ya kupita. Kwa wenzake wa Kyoto, waliovalia mavazi yao katika chumba kimoja kikubwa cha pamoja, ilikuwa makazi: mtu alizeekea humo, akaheshimiwa na mafundi wenzake, na mara nyingi jina lake halikuandikwa popote.

Ila Japani yenyewe haikuwa na kauli moja. Mwaka 1973 Kinji Fukasaku alitoa Battles Without Honor and Humanity, kisa cha majambazi wa Hiroshima baada ya vita. Humo, mtu akiuawa, jina lake na tarehe ya kifo huandikwa kwenye skrini. Wafu wa filamu za samurai walikuwa umati. Hawa wana kumbukumbu. Filamu za aina hiyo ndizo zilizompandisha Takuzo Kawatani, mmoja wa waigizaji wadogo wa Toei, na yeye na wenzake wakaunda kundi lililoitwa Piranha. Naona hayo ndiyo mageuzi makubwa kuliko tuzo yoyote, kwa kuwa yalimpa anayekufa nafsi, si sifa tu.

Fukumoto alisubiri zaidi. Alipata nafasi ya kwanza ya stelingi katika Uzumasa Limelight (2014), kisa kinachomkumbusha mtazamaji Limelight ya Chaplin ya 1952, na tamasha la Fantasia la Montreal likamtuza kuwa mwigizaji bora.

Nayo Hollywood imeamua kwamba kuanzia filamu za mwaka 2027, vitendo vya hatari vitakuwa na Oscar yao. Lakini ni tuzo ya wanaovisanifu, si ya anayeigiza kifo. Fukumoto asingekuwa na mahali pa kuishindania.