Daraja la biashara Nairobi–Dar: Unalipia nini hasa?

Kutoka Nairobi hadi Dar es Salaam ndege huwa angani kama saa moja na robo tu. Sasa, kuna haja ya kukata tiketi ya daraja la biashara?

Kiti: Embraer 190 za Kenya Airways zina viti 12 vya daraja la biashara na 84 vya kawaida. Airbus A220-300 za Air Tanzania zina 12 mbele na 120 nyuma. Kiti ni kipana na miguu inapata nafasi, ila usitarajie kitanda. Ulaya ndiyo usiseme: kwa safari fupi, mashirika mengi hukupa kiti kilekile cha kawaida, cha katikati kikiachwa wazi.

Uwanjani: Hapa ndipo pesa yako inafanya kazi. Unapata kaunta yako, launji yenye chakula, na unapanda mapema. Ndege ikichelewa saa tatu, kitakachokuokoa ni launji, si kiti.

Mizigo: Kwa kawaida unaruhusiwa kilo nyingi zaidi. Kama ungelipia begi la ziada, piga hesabu kwanza. Tofauti ya nauli inaweza kupungua.

Usichonunua: Muda. Wote mnatua dakika ileile.

Ushauri: Una mizigo mingi, au unasubiri saa kadhaa kuunganisha ndege nyingine? Fikiria kulipa. Una begi la mgongoni tu? Kaa nyuma, chenji ikusaidie hotelini.