Lisemwalo Lipo: Nani Kasema?

Wahenga walinena: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mhakiki hana budi kuuliza: nani kasema?

Sheria ya Magazeti ya 1976 ilimpa Waziri uwezo wa kufungia gazeti. MwanaHalisi lilifungiwa 2012. Ikaja Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Mwaka uliofuata gazeti hilohilo likafungiwa tena, miezi 24. Mwaka 2018 kanuni mpya zikadai leseni hata kwa mwenye blogu. Ati yote ni kuzuia uzushi.

Je, uzushi ulikoma? Tuutazame mji wa barabarani kama Mlowo, kati ya Mbeya na Tunduma: malori yanapita, na maneno yanapita nayo. Intaneti ilizimwa nchini siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025. Lakini mdomo hauna swichi.

Hasara iko hapa. Gazeti lina mhariri. Likikosea, utalikanusha, utalishitaki, hata kulisusa. Uvumi hauna mtunzi, basi utamhoji nani? Anayefungia gazeti ili kulinda ukweli anamwondoa yule tuliyeweza kumbana autetee.