Ng'ombe ndiye mgeni, uchachu ni mwenyeji

Asubuhi, kando ya soko la Kenya mjini Lubumbashi, mama mmoja amefunua ndoo ya plastiki. Mnunuzi anachungulia, anauliza kabla ya kutoa pesa:

"Mama, hii ni ya leo ao ya jana?"

"Ya jana, papa. Ya leo ingali tamu."

Papa anapimiwa kikombe. Alichofuata ni ule uchachu.

Mgeni angedhani ni mtindi. Kumbe ni munkoyo, na ndani yake hamna hata tone la maziwa. Uji wa mahindi hupikwa, ukipoa kiasi hutiwa mizizi iliyopondwa ya mmea wa porini. Vimeng'enya vya mizizi hiyo huvunja wanga, uji mzito ukawa mwepesi na mtamu. Ukishachujwa hulazwa, na usiku bakteria hugeuza sukari kuwa asidi ya laktiki. Bakteria hao ni jamaa ya wale wanaogandisha mtindi.

Kwa nini mahindi, si maziwa? Mbung'o. Katika sehemu kubwa ya misitu ya Katanga, nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, iliua ng'ombe. Njia ya kuwaleta kutoka nje ilifunguka reli ya Rhodesia ilipofika mwaka 1910, Lubumbashi ilipoanza kwa jina la Élisabethville. Baadaye makampuni kama Elakat yakashika biashara ya mifugo, na nyanda za juu za Biano zikawa malisho. Hata hivyo, shida kubwa ya migodi ilikuwa nyama ya wafanyakazi, si maziwa.

Wazoefu wa maziwa ya kuganda walitoka mbali. Miaka ya 1920, kampuni ya migodi ya Union Minière iliajiri vijana kutoka Rwanda na Burundi, nchi za wafugaji. Wanyarwanda huyaita maziwa hayo ikivuguto. Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes, waliojenga sinagogi la mji mwaka 1930, walitoka Mediterania, ambako mtindi ni chakula cha kila siku. Myahudi mwingine wa pande hizo, Isaac Carasso wa Thessaloniki, alianzisha kampuni ya mtindi ya Danone mjini Barcelona mwaka 1919.

Carasso alikuja baada ya wanasayansi. Mwaka 1905, Mbulgaria Stamen Grigorov alitambua bakteria wa mtindi akiwa Geneva. Élie Metchnikoff wa Taasisi ya Pasteur akadai kwamba maziwa machachu hurefusha maisha. Dai hilo halikuthibitika, ila jambo moja limesimama imara. Watu wazima wengi wa Afrika ya Kati hupungukiwa kimeng'enya cha kuyeyusha laktosi, sukari ya maziwa, hivyo glasi ya maziwa mabichi au ya kuchemsha huwajaza tumbo gesi. Bakteria hai wa mtindi hula sehemu ya sukari hiyo na kusaidia kuvunja inayobaki. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ililikubali hilo mwaka 2010. Mtindi una pia protini na kalsiamu nyingi. Hapo munkoyo hauwezi kushika nafasi yake.

Leo yaourt (mtindi) ya nyumbani hutengenezwa mara nyingi kwa maziwa ya unga: yanakorogwa, yanapashwa moto, yanaachwa yawe vuguvugu, yanatiwa kijiko cha mtindi wa jana na kufunikwa blanketi. Lakini uchachu hausafishi maji machafu, iwe kwenye mtindi au munkoyo. Basi swali la papa liongezewe la pili: mama, maji yalichemka?