Tiba shufaa: Mofini na safari ndefu ya kufika Kagera

TIBA shufaa ni huduma anayopewa mgonjwa mwenye maradhi yanayotishia uhai, ili apunguziwe maumivu na jamaa zake wasiachwe wabebe mzigo peke yao. Haisubiri siku za mwisho, kama wengi wanavyodhani. Yapaswa kuanza mara ugonjwa unapotambuliwa.

Mkoani Kagera haja ilitangulia huduma. Wagonjwa watatu wa kwanza wa ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa mkoani humo mwaka 1983. Utafiti wa mwaka 1987 ulikuta virusi kwa asilimia 24.2 ya watu wazima mjini Bukoba, na asilimia 10 katika Bukoba Vijijini na Muleba. Serikali ilianza kutoa bure dawa za kupunguza makali mwaka 2004. Kwa miaka ishirini hivi, hospitali kama Ndolage, Rubya na Kagondo wilayani Muleba zilitibu magonjwa nyemelezi, kisha wengi wakarudishwa nyumbani, kwenye kibanja cha migomba, wakauguzwa na bibi au mtoto wa shule. Uuguzi huo haukukosa upendo. Ulikosa dawa ya maumivu makali.

Dawa hiyo ni mofini. Unga wake huyeyushwa katika maji, na mgonjwa hunywa kila baada ya saa nne. Bei yake si kubwa. Kinachoifanya iwe adimu ni masharti ya udhibiti na njia ya kuifikisha.

Kwa miaka mingi Ocean Road, jijini Dar es Salaam, ndiyo iliyoingiza unga huo na kuugawa kwa hospitali zilizoruhusiwa. Historia ya jengo hilo ina kejeli yake: Wajerumani walilikamilisha mwaka 1897 kwa ajili ya Wazungu, ilhali Waafrika na Wahindi walitibiwa katika hospitali ya Sewa Haji. Mlango wa rangi ulifunguliwa, umbali ukabaki. Kutoka Bukoba hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,300 kwa barabara.

Kampala ni karibu zaidi. Huko, Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na mwaka 2004 Uganda iliruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuandika mofini, hatua iliyowafaa sana watu wa vijijini, ambako madaktari ni wachache. Nchini Tanzania, Hospitali ya Selian ya Kanisa la Kilutheri, mkoani Arusha, ilikuwa miongoni mwa zilizotangulia, na katika miaka ya 2000 mpango wake ulienezwa katika hospitali nyingine za kanisa hilo.

Nchini Marekani tafiti zimeonyesha mara kwa mara kwamba Weusi hutumia hospisi kwa kiwango kidogo kuliko Wazungu na hupewa dawa pungufu za maumivu. Kwa kipimo cha dunia pengo ni kubwa zaidi: tume ya jarida la Lancet ilieleza mwaka 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zinazosambazwa kwa mwaka, nchi maskini kabisa hupata tani 0.1 tu.

Ndani ya Muleba kwenyewe hali hailingani. Kwa mgonjwa wa Bumbile au Ikuza, visiwani, kufika hospitali huanza na chombo cha ziwani, na chupa ya mofini ikiisha, ndugu yake hulazimika kuvuka tena.