Makao ya Askari Wazee wa Kibra

Wasikilizaji, mtu akiisha kutumikia jeshi ujana wake wote, akaweka bunduki chini, swali lake la kwanza ni hili: atakaa wapi? Mwenye kwao hurudi kwao. Leo twataka kueleza habari za askari waliokuwa hawana kwao pa kurudi, nao ndio walioanza Kibra, iitwayo sasa Kibera, katika Nairobi.

Asili yao ni Sudani. Walikuwa askari wa serikali ya Misri chini ya Emin Pasha, katika nchi za mto Nile upande wa juu. Vita vya Mahdi, vilivyoanza mwaka 1881, viliwafungia njia ya kaskazini. Emin alipoondoka pamoja na Stanley mwaka 1889 kwenda pwani, wengi walibaki karibu na Ziwa Albert, wao na wake zao na watoto wao. Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwakuta huko, akawaandika katika utumishi wa Waingereza. Na mwaka 1902, lilipoundwa jeshi la King's African Rifles, ambalo watu wetu waliliita Keya, askari hao na wana wao walikuwa miongoni mwa nguzo zake.

Basi wazee wakaanza kutoka jeshini. Katika Kenya serikali ilikuwa ikiwatengea wenyeji ardhi kabila kwa kabila, lakini Wanubi hawa hawakuhesabiwa katika kabila lolote la nchi. Ndipo walipoachiwa msitu ulio kusini-magharibi ya Nairobi, nao wakauita Kibra, maana yake pori kwa lugha yao. Mahali hapo palikuwa zaidi ya ekari 4,000. Askari mzee alipewa cheti cha ruhusa, akajenga nyumba, akalima shamba, akachunga ng'ombe. Yeye aliona amelipwa jasho lake.

Lakini tuangalie vema, kwani hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Ruhusa si milki. Cheti kile kilisema mtu aweza kukaa. Hakikusema mahali ni pake. Mwaka 1928 Kibra ilipotolewa mikononi mwa jeshi ikatiwa chini ya watawala wa raia, wakazi walionekana kuwa wapangaji tu, wawezao kuondolewa serikali ipendapo. Tume ya Ardhi, iliyoundwa mwaka 1932 chini ya Sir Morris Carter, ilikubali kwamba hawakuwa na haki ya sheria juu ya ardhi ile, ingawa ilisema serikali ina wajibu wa kuwapatia makao wale waliokuwa askari. Wajibu ulitajwa, hati haikutolewa. Na wakati huo wote wana wa Kibra waliendelea kuingia jeshini, hata katika vita vikuu vya 1939 mpaka 1945.

Nani atajenga kwa mawe juu ya ardhi ambayo kesho aweza kuambiwa aihame? Nyumba zikabaki za udongo. Baada ya uhuru wa Kenya, mwaka 1963, ardhi ile ilihesabiwa kuwa ya serikali. Mitaa mipya ikajengwa juu ya mashamba ya wazee, na watu wengi wenye shida ya makazi wakaja kupanga, hata Kibera ikawa mtaa wa mabanda ujulikanao duniani. Hao nao hawakuwa na kosa. Walitafuta pa kulala, kama wale askari wa kwanza.

Mwaka 2017 Wanubi walipewa hati ya pamoja ya ekari 288. Wajukuu na vitukuu ndio walioipokea. Waliopewa ruhusa ya kwanza walikuwa wamekwisha kuzikwa zamani.

Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Askari wa Kibra hawakunyimwa mahali pa kulala. Walinyimwa karatasi moja, na karatasi hiyo iliwagharimu zaidi ya miaka mia.