C ya Window, D ya kwangu

Juzi nilinunua kompyuta ya mtumba, hadi diski gigabaiti 500, yote imewekwa C peke yake. Kabla sijaandika hata neno moja nikaikata vipande viwili. Rafiki yangu akacheka: mambo ya kizamani hayo!

Ni ya kizamani kweli. A na B zilikuwa herufi za flopi, ndiyo maana hadi diski ikaangukia C. IBM ilitoa PC XT mwaka 1983 ikiwa na diski ya megabaiti 10 (nyimbo mbili tatu za MP3, basi). Jedwali la kugawia diski lililokuja na DOS 2.0 mwaka huohuo lilikuwa na nafasi nne tu, ili mifumo tofauti ya kuendeshea kompyuta ikae pamoja bila kugombana. Mafaili ya watu kama mimi hayakuwa kwenye hesabu.

Baadaye kugawa kukawa lazima. FAT16, iliyotumiwa na DOS na Windows 95 ya mwanzo, haikuvuka gigabaiti 2 kwa kipande. Ukiwa na diski ya gigabaiti 6 ulipata C, D na E upende usipende. Tena katika kipande cha gigabaiti 2, barua ya mistari miwili ilikula kilobaiti 32 nzima! FAT32 ya 1996 ikaondoa adha hiyo, ila faili moja halifiki gigabaiti 4. NTFS ilikuja na Windows NT mwaka 1993, ikaingia majumbani kwa wingi na XP, 2001.

Kwa hiyo ulazima uliisha zamani. Mbona bado nagawa? Virusi, jamani. Mwaka 2016, nikiwa mwanafunzi wa uandishi, kompyuta yangu iliugua. Fundi akasema dawa ni kupiga Window upya. Sikumuuliza kitu. Kila nilichonacho kilikuwa C, kikafomatiwa, pamoja na saa mbili za mahojiano na bibi yangu. Bibi alikuwa ameshafariki.

Safari hii C ina gigabaiti 120, zilizobaki ni D, zote NTFS maana video zangu zinapita gigabaiti 4. Najua diski ikifa, C na D zinazikwa pamoja, hivyo sauti nazinakili pia kwenye diski ya nje. Nyie wenzangu mmegawaje?